Tanuri la Kubanikia Samaki: Tengeneza Njia ya Moto na Hewa

Wahenga walisema: pafukapo moshi pana moto. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mtu anayebanika samaki anaweza kuongeza mengine: penye moto pana hewa. Bila hewa moto hufa. Bila hewa moshi hukwama. Na moshi ukikwama, samaki huharibika.

Ndugu msomaji, katika somo hili tutajifunza juu ya tanuri la pipa lenye jiko pembeni. Tutaona kwa nini matanuri mengi ya namna hii huunguza samaki upande mmoja na kuwaacha wabichi upande mwingine. Kisha tutaona jinsi ya kurekebisha tanuri hilo kwa gharama ndogo.

TANURI LENYEWE

Pipa la chuma la lita 200 hulazwa juu ya matofali. Urefu wa pipa ni karibu sentimita 88. Upana wake ni karibu sentimita 58. Ubavuni hukatwa mlango. Ndani, katikati ya pipa, huwekwa wavu wa waya. Samaki hupangwa juu ya wavu huo.

Moto hauwashwi chini ya samaki. Huwashwa katika jiko dogo lililojengwa mwisho mmoja wa pipa. Joto na moshi hupita kwenye tundu, huingia ndani ya pipa, huwapitia samaki, kisha hutokea mwisho wa pili.

Kuweka moto pembeni kuna faida. Mafuta ya samaki hayadondoki juu ya makaa. Mafuta yakidondoka juu ya makaa huungua na kutoa moshi mbaya. Moshi huo huacha juu ya samaki vitu vyenye sumu. Mtu akivila kwa miaka mingi vinaweza kumletea ugonjwa wa saratani. Tena, moto ulio mbali hauwarambi samaki kwa ndimi zake.

Hata hivyo, jiko la pembeni peke yake halitoshi. Tanuri likijengwa ovyo, mmiliki wake hupata hasara. Tufanye hesabu.

HESABU YA MAMA MBANIKA SAMAKI

Tuseme mama mmoja amenunua sato 40. Kila mmoja ni shilingi 2,000. Ametoa shilingi 80,000. Amenunua kuni za shilingi 6,000. Jumla ametumia shilingi 86,000.

Kama samaki wote watakuwa wazuri, atauza kila mmoja kwa shilingi 3,000. Atapata shilingi 120,000. Ukitoa shilingi 86,000 alizotumia, faida yake ni shilingi 34,000.

Sasa tuseme samaki 8 waliokuwa karibu na jiko wameungua. Anawauza kwa shilingi 1,000 kila mmoja. Anapata shilingi 8,000. Samaki 6 waliokuwa mwisho wa pili hawakuiva. Kesho yake wananuka, anawatupa. Wanabaki 26 wazuri. Hao wanampa shilingi 78,000. Jumla amepata shilingi 86,000.

Alitumia shilingi 86,000. Amepata shilingi 86,000. Amekesha mbele ya moshi, macho yamemwasha, na hakubakiwa na senti ya kununulia daftari la mtoto. Samaki walioharibika ni 14 tu kati ya 40, lakini wameondoka na faida yote.

KWA NINI TANURI HUHARIBU SAMAKI?

Tazama jiko la mkaa linapowaka. Jivu jepesi hupaa juu yake. Jivu hilo hupandishwa na hewa ya moto. Hewa ikipata moto hutanuka na kuwa nyepesi. Hewa nyepesi hupanda juu, na hewa baridi huingia chini kushika nafasi yake. Ndivyo tanuri linavyovuta hewa. Kwa hiyo tanuri linahitaji milango miwili ya hewa: wa kuingilia na wa kutokea.

Hewa ya moto ina kazi tatu. Inapeleka joto kwa samaki. Inapeleka moshi. Tena inabeba maji yanayotoka katika nyama ya samaki na kuyapeleka nje. Hewa ikishindwa kutoka, maji hayo hubaki ndani ya pipa. Samaki huchemka kwa mvuke wake badala ya kukauka. Nyama yake hulainika na kumeguka.

Makosa ya kawaida ni haya manne:

Kwanza, moto haupati hewa. Kuni zimelala juu ya jivu, na mlango wa jiko umezibwa. Moto unafuka tu. Moshi wake ni mzito. Huacha masizi na ladha chungu kwenye samaki.

Pili, joto lote hupanda mara tu linapoingia ndani ya pipa. Huwapiga samaki walio karibu na jiko. Wale wa mbali hupata mabaki.

Tatu, dohani, yaani bomba la kutolea moshi, imewekwa mahali pabaya. Kama iko juu ya pipa karibu na jiko, moshi hutoka kabla haujatembea. Kama imewekwa mwisho wa pili lakini inaanzia darini pa pipa, joto hupita juu juu na kuwaacha samaki chini.

Nne, tanuri lina nyufa. Joto hutoka kwenye ukingo wa mlango na kwenye maungio ya jiko. Mwenye tanuri huongeza kuni, na joto huzidi kwenda nje.

WENZETU WA AFRIKA MAGHARIBI

Shida hii si ya kwetu peke yetu. Chorkor ni mahali pa wavuvi karibu na mji wa Accra, nchini Ghana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 tanuri jipya lilianza kutumiwa huko. Lilitokana na kazi ya wanawake wabanika samaki na wataalamu, wakiwamo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO. Katika tanuri hilo, samaki hupangwa katika trei za mbao zenye wavu. Trei hupandanishwa moja juu ya nyingine bila kuacha mwanya. Mbao za trei huwa ndizo kuta. Hewa ya moto haina pa kutorokea. Lazima iwapitie samaki wote mpaka juu. Kuni chache hukausha samaki wengi.

Kuanzia mwaka 2008, FAO na chuo cha mafundi wa uvuvi cha Thiaroye, nchini Senegal, waliendeleza kazi hiyo. Waliongeza bati la kukinga mafuta yasianguke kwenye moto. Tanuri hilo limepewa jina la Thiaroye.

Matanuri hayo hayafanani na pipa letu. Lakini yanatufundisha jambo moja: ionyeshe hewa ya moto njia, nawe uzibe njia nyingine zote.

KABLA YA KUREKEBISHA: PIMA KWANZA

Usianze kukata chuma bila kujua ugonjwa wa tanuri lako. Fanya jaribio hili.

Kata viazi vitamu katika vipande vya unene mmoja, kama unene wa kidole. Panga vipande hivyo juu ya wavu kutoka upande wa jiko mpaka upande wa dohani. Washa moto wa kawaida. Funga mlango wa pipa. Baada ya nusu saa, fungua na utazame. Vipande gani vimeungua? Vipande gani bado vibichi? Chora wavu wako kwenye daftari na uandike majibu. Hiyo ndiyo ramani ya joto la tanuri lako. Utairudia baada ya marekebisho, ili uone kama kazi yako imefaa.

MAREKEBISHO SITA

Onyo kwanza. Usitumie kabisa pipa lililowekwa dawa za mimea, rangi au kemikali. Pipa la petroli lina hatari nyingine. Mvuke wa petroli hubaki ndani, na fundi akilikata kwa moto linaweza kulipuka na kumwua. Tafuta pipa lililowekwa mafuta ya kula. Lioshe vizuri, likate kwa tindo na nyundo, kisha choma moto mkali ndani yake kabla ya kuweka samaki.

1. Inua kuni. Jenga jiko la matofali ya udongo. Ndani liwe na upana, kina na kimo cha karibu sentimita 40. Panga vipande vya nondo sentimita 10 juu ya sakafu. Kuni zikae juu ya nondo. Jivu litaanguka chini, na hewa itapita chini ya kuni. Usijengee saruji mahali penye moto, kwa maana hupasuka. Tumia udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa.

2. Weka mlango wa hewa. Acha tundu chini ya usawa wa nondo, upana sentimita 15 na kimo sentimita 10. Tengeneza kipande cha bati cha kulifunika. Ukikisogeza, unaongeza au unapunguza hewa. Hiyo ndiyo bomba ya tanuri lako, kama bomba ya maji: unafungua na kufunga kwa kipimo.

3. Pima njia ya kuingilia ndani ya pipa. Tundu kati ya jiko na pipa liwe upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 10. Liwe chini, karibu na tumbo la pipa. Sakafu ya jiko iwe chini kuliko pipa, ili joto lipande kuingia ndani.

4. Laza bati la kuongoza joto. Hili ndilo rekebisho kubwa kuliko yote. Chukua bati la chuma lenye urefu wa karibu sentimita 80. Lilaze chini ya wavu, juu ya tundu la kuingilia joto. Acha nafasi ya kiganja kati ya bati na wavu. Upande wa karibu na jiko usitoboe kitu. Katikati toboa matundu machache madogo. Upande wa mbali toboa matundu mengi na makubwa zaidi. Joto likiingia halitapanda hapo hapo. Litasukumwa mbele chini ya bati, na litapanda kidogo kidogo mpaka mwisho. Tumia chuma cheusi, kwa mfano kipande cha pipa jingine. Usitumie bati jipya la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu.

5. Weka dohani mahali pake. Iwe mwisho wa mbali na jiko. Tumia bomba lenye upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 60 juu ya pipa. Kisha literemshe ndani mpaka karibu na usawa wa wavu. Hapo joto litalazimika kushuka mpaka walipo samaki kabla ya kutoka. Bomba refu huvuta vizuri kuliko fupi. Funika juu kwa kofia ya bati ili mvua isiingie, lakini uache nafasi ya moshi.

6. Ziba nyufa na utoe mafuta. Kandika udongo kwenye maungio yote ya jiko na pipa. Mlango wa pipa uwe na ukingo unaopita tundu lake kwa vidole viwili kila upande. Inamisha pipa kidogo kuelekea upande wa dohani. Toboa tundu dogo chini, mwisho huo, na utege kopo la mafuta. Futa bati na pipa kila baada ya kazi. Mafuta ya zamani hushika moto.

Baada ya hapo, rudia jaribio la viazi. Kama vipande vya karibu na jiko bado vinaungua, ongeza matundu upande wa mbali. Kama vya mbali ndivyo vinavyoungua, ziba baadhi ya matundu hayo. Endelea mpaka vipande vyote vikaribiane rangi.

KUENDESHA MOTO

Tanuri zuri haliendeshwi na mtu aliyelala. Washa moto kabla ya kuweka samaki, na usubiri tanuri lipate joto. Tumia kuni kavu za miti migumu, unene wa kifundo cha mkono. Weka chache, mara kwa mara. Usijaze jiko.

Usichome mti wenye utomvu mwingi kama msonobari. Usichome mnyaa, kwa maana utomvu wake ni sumu. Mbao zenye rangi, plastiki na matairi ni marufuku.

Dohani iache wazi wakati wote. Ukitaka kupunguza joto, punguza hewa kwenye mlango wa jiko. Watu wengi huziba dohani wakidhani wanatunza joto. Wanachotunza ni mvuke na masizi.

Soma moshi kama unavyosoma kitabu. Moshi mwembamba wa buluu hafifu unakwambia moto ni mzuri. Moshi mzito mweupe au wa manjano unakwambia kuni ni mbichi au hewa haitoshi. Moshi ukitokea kwenye mlango badala ya dohani, njia imeziba mahali fulani.

SAMAKI WENYEWE

Tanuri haliwezi kumfufua samaki aliyeoza. Tumia samaki wapya. Toa matumbo, pasua samaki wakubwa, osha kwa maji safi, tia chumvi. Waache wachuruzike maji kivulini, mbali na nzi. Wapange bila kugusana, ili hewa ipite kati yao.

Anza kwa moto mdogo mpaka ngozi ikauke. Ukianza kwa moto mkali, ngozi hukakamaa na kuyafungia maji ndani. Samaki ataonekana amekauka nje, kumbe ndani anaoza. Kisha ongeza moto ili aive. Wataalamu hushauri joto la ndani ya nyama lifike digrii 63 na kubaki hapo kwa nusu saa. Kama huna kipimajoto, mfungue samaki mmoja aliye mnene kuliko wote. Nyama iwe imebadilika rangi mpaka mfupani na iachane na mfupa kwa urahisi. Mwisho punguza moto, umkaushe kwa moshi.

Kumbuka kwamba samaki laini, aliyebanikwa kwa saa chache tu, hadumu. Auzwe au aliwe ndani ya siku moja au mbili. Anayetakiwa kusafiri mpaka soko la mbali lazima akaushwe zaidi.

LINDA AFYA YAKO

Moshi huumiza macho na mapafu. Moto wa kuni hutoa pia hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Kwa hiyo usiweke tanuri ndani ya nyumba. Lijengee banda lisilo na kuta. Simama upande unakotoka upepo. Usimbebe mtoto mgongoni unapochochea moto. Weka ndoo ya mchanga karibu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Hewa iingie chini, ipite kwa samaki wote, itokee mwisho wa mbali. Mlango wa jiko ndio unaopima moto. Dohani haizibwi. Ufa mdogo hula kuni nyingi. Pima kabla ya kurekebisha, na upime tena baadaye.

Msomaji, rudi sasa kwa yule mama wa sato 40. Hakukosa bidii. Hakukosa kuni. Alikosa bati moja, bomba moja na udongo wa kuziba nyufa. Vitu hivyo vinaweza kupatikana katika kijiji chako. Kama mmoja hawezi peke yake, watu watano wanaweza kujenga tanuri moja na kulitumia kwa zamu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Hewa ya moto ina kazi gani tatu ndani ya tanuri?
2. Kwa nini samaki wa karibu na jiko huungua na wa mbali hubaki wabichi?
3. Kwa nini hatutumii bati jipya la kuezekea karibu na moto?
4. Mama amenunua samaki 30 kwa shilingi 2,000 kila mmoja na kuni za shilingi 5,000. Samaki 5 wameharibika kabisa. Wengine ameuza kwa shilingi 3,000 kila mmoja. Amepata faida kiasi gani? Angepata kiasi gani kama wote wangekuwa wazuri?
5. Kazi ya vitendo: Tembeleeni tanuri moja kijijini. Fanyeni jaribio la viazi. Choreni ramani ya joto, kisha mwandike kasoro mlizoziona na mpange ni ipi itakayorekebishwa kwanza.